Mtakatifu Aliyesomea Migodi: Teknolojia, Kazi na Jirani



Wapendwa vijana, somo la leo limetokana na maswali ya vijana wa hapa Segese, wale wa TYCS walioko shuleni na wale wa VIWAWA walioko kwenye kazi zao. Wa shuleni huuliza hivi: "Frateri, mimi napenda kompyuta, lakini moyo wangu unataka kazi ya kusaidia watu. Sasa nichague ipi?" Walioko kazini huuliza kwa ukali kidogo, na ninawapenda kwa hilo: "Hivi sisi mafundi simu, madereva, watu wa makarasha, kazi zetu nazo ni wito? Au wito ni wenu ninyi wa seminari na masista?"

Ukiyatazama vizuri, maswali haya ni ndugu. Yote mawili yameegemea ukuta mmoja. Upande huu wa ukuta kuna kazi za kusaidia watu: upadre, utawa, uuguzi, ualimu. Upande ule kuna kazi za mashine, ambazo eti ni za kutafuta hela tu. Ukuta huo tumeukuta umejengwa, hatukumbuki hata nani aliujenga. Leo nataka tuubomoe, au basi tutoboe tundu la kupita mtu.

Biblia inawajua mafundi

Fungua Kutoka 31. Musa yuko mlimani, ameshapewa maelekezo ya hema: mbao, ngozi, vitambaa, shaba, dhahabu. Kisha Mungu anamtajia mtu kwa jina, Bezaleli wa kabila la Yuda, na kusema kwamba amemjaza roho wa Mungu. Ukisoma haraka unategemea kusikia kwamba kwa hiyo atatabiri, au atahubiri. Hapana. Amejazwa roho ili abuni, afue dhahabu na fedha, achonge mawe na mbao. Anapewa na mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani, na sura ya 35 inaongeza kwamba hao wawili walipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine ufundi wao. Sura hiyohiyo inawataja wanawake waliosokota nyuzi kwa ustadi. Dada zangu, hapo msipite mbio.

Sasa nenda Yoshua bin Sira sura ya 38. Anaanza na daktari na mtengeneza dawa, anasema Mungu ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi na mwenye akili hazidharau. Mgonjwa asali, ndiyo, na pia ampe daktari nafasi yake. Halafu kuanzia mstari wa 24 anawageukia mafundi: mchonga mihuri, mhunzi anayeunguzwa na joto la tanuru, mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu. Sira alikuwa mtu wa vitabu, na kama sisi wengine wa vitabu hajizuii kuringa kidogo. Anasema mafundi hao hawaitwi kwenye baraza wala hawakai kwenye kiti cha hakimu. Lakini akifika mwisho anakubali mambo mawili makubwa: bila wao hakuna mji unaokalika, na sala yao imo ndani ya kazi yenyewe ya mikono yao. Mimi niliyetumia miaka yangu kusoma falsafa huwa nausoma mstari huo polepole.

Na Bwana wetu mwenyewe? Watu wa Nazareti walimjua kwa kazi yake (Mk 6:3). Biblia zetu zinasema seremala. Neno la Kigiriki ni tekton, fundi wa kujenga na kuunda, na lina shina moja na lile neno lililotuzalia "teknolojia". Kwa hiyo mtu akikwambia mambo ya ufundi ni ya dunia tu, muulize Nazareti ilikuwa wapi.

Piga 115

Tutoke kwenye vitabu twende barabarani. Msalala mnaijua. Kijiji kiko huku, zahanati kule, hospitali mbali zaidi, na mvua zikikolea barabara za mbuga zinageuka tope jeusi ambalo hata trekta linalalamika. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku na damu ikaanza kutoka, swali halibaki tena kama kuna daktari duniani. Swali ni kama kuna gari kijijini, na kama mwenye gari atakubali kuamka kabla hajaonyeshwa hela.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba kina mama wengi wanapotea katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa pili ndio ugonjwa wetu wa vijijini. Tiba yake haikai kwenye chupa ya dawa, inakaa kwenye usafiri.

Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa m-mama. Ulianza kwa majaribio Sengerema na Buchosa, jirani zetu wa kanda hii ya ziwa, ukaletwa mkoani kwetu Shinyanga, na mwaka 2022 serikali na wabia wake, wakiwemo mfuko wa hisani wa Vodafone, wakakubaliana kuueneza nchi nzima. Unafanya kazi hivi. Mama mjamzito, ndugu yake, mhudumu wa afya wa kijiji au muuguzi wa zahanati anapiga 115 bila malipo. Upande wa pili yupo mtu wa afya kwenye kituo cha uratibu. Anauliza maswali ya dalili za hatari, anaamua mama apelekwe kituo gani, na anaangalia kwenye kompyuta ni chombo gani kiko karibu. Kama gari la wagonjwa lipo, linatumwa. Kama halipo au liko mbali, anapigiwa dereva wa kawaida, mtu wa teksi au mwenye gari lake hapo mtaani, aliyeandikishwa na kufundishwa mapema. Akishamfikisha mama, malipo yanaingia kwenye simu yake. Familia haitoi kitu. Watoto wachanga wenye hali mbaya nao wanasafirishwa kwa njia hiyohiyo.

Tazama vitu vilivyotumika: simu ya kitochi, namba tatu, orodha ya madereva, kompyuta, na pesa ya kwenye simu tuliyoizoea tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Hakuna hata kimoja cha ajabu. Ajabu ni mtu aliyekaa akavifikiria vyote pamoja akiwa na sura ya yule mama kichwani.

Sasa tufanye zoezi. Hesabu mikono iliyombeba mama huyo. Yuko aliyeandika programu ya kituo cha uratibu. Yuko fundi aliyepanda mnara wa simu juani ili mtandao usikatike. Yuko muuguzi aliyejifunza kompyuta akiwa mtu mzima. Yuko dereva. Yuko makanika wa Kahama aliyefunga breki za gari lile wiki iliyopita na hakujua zingembeba nani. Kati yao, ni nani aliye upande wa "kusaidia watu" na nani aliye upande wa "mashine"? Mimi nimejaribu kuwagawa, nimeshindwa.

Takwimu za kitaifa zinatupa moyo. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Si kazi ya teksi peke yake, hapana. Ni wakunga, vyumba vya upasuaji, damu salama, barabara, na kina mama wenyewe wanaohudhuria kliniki. Lakini hata 104 ni kina mama 104, kila mmoja na jina lake la ubatizo au la ukoo, na watoto waliobaki wanauliza mama yuko wapi. Kazi bado ipo, vijana.

Fundi wa mashine za uhai

Wengi mkisikia hospitali mnafikiria daktari na nesi. Kuna mtu wa tatu ambaye hatumuoni: fundi wa vifaa tiba. Chukua mfano wa ile mashine ndogo ya kutengeneza oksijeni inayowekwa pembeni ya kitanda cha mtoto mwenye nimonia. Haina uchawi. Inavuta hewa hii hii tunayovuta, inaipitisha kwenye chujio, kisha kwenye madini yanayoitwa zeolaiti yanayoshika naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Sasa fikiria vumbi letu la Segese mwezi wa nane. Chujio likiziba, mashine inaunguruma vizuri kabisa, taa inawaka, na mtoto hapati kinachomtosha. Anayejua kulisafisha chujio lile kila wiki na kupima kiwango cha oksijeni kinachotoka anaokoa watoto, na hakuna atakayemshukuru kwa sababu hakuna atakayejua.

Hii ni kazi yenye chuo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha zinafundisha uhandisi wa vifaa tiba ngazi ya stashahada, na Kidato cha Nne mwenye ufaulu mzuri wa masomo ya sayansi anaweza kuomba. Mwongozo wa udahili wa NACTVET hutoka kila mwaka, usome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa na mtu wa stendi. Kwa hiyo wewe unayeipenda Fizikia lakini ukiona damu unazimia, usijihesabu umefukuzwa hospitalini.

Mwanafunzi wa migodi kutoka Torino

Hapa nataka nikae kidogo, maana huyu mtu ni wetu na wengi hatumjui.

Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV aliwatangaza watakatifu vijana wawili wa Italia siku moja. Mmoja mnamfahamu, Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, yule aliyetengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Picha zake zimejaa kwenye simu zenu akiwa na begi mgongoni. Wa pili ni Pier Giorgio Frassati, na kwa watu wa ukanda wa dhahabu huyu ndiye angepaswa kubandikwa ukutani.

Alizaliwa Torino mwaka 1901. Baba yake alikuwa mwenye gazeti kubwa la La Stampa na baadaye akawa balozi Ujerumani. Nyumba ilikuwa na hela. Pier Giorgio akachagua kusomea uhandisi wa migodi. Kwa nini migodi? Kwa sababu wachimba migodi walikuwa kati ya wafanyakazi walioteseka kuliko wengi, na yeye alitaka kumtumikia Kristo kati yao. Aliwahi kuufikiria upadre pia, akaona kwamba akiwa mlei mhandisi atakuwa karibu zaidi na watu wale. Mimi frateri naandika hili kwa moyo mweupe: wapo walioitwa seminari, na wapo walioitwa kutokwenda seminari.

Hakuwa malaika wa masomo. Mitihani ilimtesa na akachukua muda mrefu. Kati ya vitabu na mitihani alikuwa akipanda ngazi za nyumba za maskini wa Torino na wenzake wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akipeleka dawa na chakula, mara nyingi akitoa hata nauli yake na kurudi nyumbani kwa miguu. Alifariki kwa polio tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24, kabla hajamaliza shahada. Siku moja kabla ya kifo chake, mkono ukiwa umeshaanza kupooza, aliandika kikaratasi cha kuagiza dawa za mgonjwa mmoja maskini zisisahaulike. Wazazi wake walishangaa kwenye mazishi: mitaa ilijaa maskini ambao familia haikujua kama mtoto wao anawafahamu.

Sasa mlete Frassati hapa kwetu. Oktoba 2015, machimbo ya Nyangalata, wilaya yetu ya Kahama, duara liliporomoka na kuwafukia wachimbaji sita. Watano walitolewa hai mwezi Novemba baada ya siku 41 chini ya ardhi. Waliishi kwa kula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji yaliyodondoka kwenye miamba. Mmoja alifia humo. Tunapenda kuisimulia habari hiyo kama muujiza, na mimi namshukuru Mungu kwa wale watano. Ila muujiza usitufanye tusahau kuuliza la kihandisi. Matimba yalikuwaje? Nani alipima mwamba? Je, duara lilikuwa na njia ya pili ya kutokea? Hewa ilifikaje chini? Maswali hayo yana watu wake: mpima migodi, mjiolojia, fundi wa pampu, mkaguzi. Kijana wa Segese akisomea mambo hayo huku anawakumbuka wale sita, huyo ameanza kutembea njia ya Frassati hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Au chukua zebaki. Kwenye mialo tunawaona kina mama, wengine na mtoto mgongoni, wanachanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, halafu mtu anaichoma kwenye kikaango hadharani. Moshi wake hauonekani vizuri na hauna harufu ya kukustua, lakini ndio unaoingia mapafuni na kwenda kuharibu mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Dunia imeweka Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliteketea kwa zebaki ya kiwandani, na Tanzania ni mwanachama. Lakini mkataba haukai mwaloni. Kinachoweza kukaa mwaloni ni chombo kidogo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza, ambamo zebaki inachomwa, mvuke wake unanaswa na kurudi kuwa kimiminika. Unapumua salama na zebaki yako unaipata tena, hujaipoteza hewani. Ni kazi ambayo fundi mzuri wa kuchomelea akipewa mchoro anaiweza. Anayekosekana ni mtu wa kukaa na wachimbaji, kusikiliza kwa nini wanakikataa (wengine wanasema kinachelewesha, wengine wanataka kuiona dhahabu yao kwa macho muda wote), na kukiboresha hadi wakikubali. Huo ni utaalamu na ni upendo kwa pamoja.

Na msidhani wenye kubuni ni wa Ulaya tu. Dk. Askwar Hilonga, Mtanzania, mhandisi wa kemikali katika Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alibuni chujio la maji ambalo linaweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya ubunifu wa kihandisi Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza.

Simu ya watu mkononi mwako

Nimesema mengi ya vyuo. Turudi kwa wale wa VIWAWA ambao tayari wana kibanda.

Kuna fundi simu mmoja hapa, tulikuwa tunakunywa chai baada ya Misa, akaniambia: "Frateri, nyie mnapewa siri za watu kwenye kitubio. Sisi tunaachiwa kwenye meza." Mimi bado sijawa padre, sijamuungamisha mtu, lakini sentensi ile ilinikaa. Akanieleza. Mtu analeta simu imepasuka kioo, anakuachia na namba ya kuifungulia ili uijaribu. Ndani kuna picha, kuna meseji za mume, kuna majibu ya hospitali. Bibi anakuja, mjukuu amemtumia hela kutoka Mwanza, hajui kuitoa, anakutajia namba yake ya siri kwa sauti mbele ya watu sita. "Na siku hiyo," akasema, "mwenye fremu naye anakudai kodi."

Alikuwa amejiwekea taratibu zake bila kufundishwa na mtu. Simu anaijaribu mbele ya mwenyewe. Sehemu ya picha haifungui. Bibi anamgeuzia simu, anamwonyesha vidole vibonye wapi, na yeye anatazama barabarani. Wapo mafundi wenzake wanaomcheka kwamba anapoteza muda. Wapo pia wateja wanaovuka vibanda vitatu kumfuata yeye.

Hapa ndipo falsafa yangu inapata kazi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anatenganisha vitu viwili: ufundi na busara. Ufundi ni akili iliyonyooka katika vitu tunavyotengeneza. Busara ni akili iliyonyooka katika matendo yetu sisi wenyewe. Ufundi unaifanya kazi iwe nzuri. Haukuhakikishii kwamba na wewe utakuwa mwema. Ndiyo maana mwizi anaweza kuwa fundi hodari. Wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wana vipaji kweli: wanajua mifumo, wanajua saikolojia ya mzee anayesubiri hela ya pamba, wanajua hata lini mishahara inatoka. Ufundi wanao. Kwa hiyo mtu akikwambia "jifunze teknolojia, utafanikiwa", amekwambia nusu ya habari. Nusu ya pili inajengwa pale unapoishika simu ya bibi nawe unadaiwa kodi.

Mtakatifu Yohane Paulo II alilijua jambo hili kwa mikono yake. Wakati wa vita, Wajerumani wakiitawala Poland, alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya Zakrzówek, kisha kwenye kiwanda cha kemikali cha Solvay. Alipokuwa Papa akaandika waraka wa Laborem Exercens, mwaka 1981, akafundisha kwamba thamani ya kazi haitoki kwanza kwenye aina ya kazi bali kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Naye Papa Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba sababu mojawapo ya kuchagua jina hilo ni akili unde: kama Leo XIII alivyowasemea wafanyakazi wa viwandani mwaka 1891, naye anaona zama zetu zina mapinduzi yake. Kanisa haliangalii mambo haya kwa mbali.

Sasa mimi nifanye nini?

Tuongee hela kwanza, maana najua mnaisubiri. Baba ameuza ng'ombe ili usome. Anategemea kuona kitu, na hana kosa. Kusaidia watu hakumaanishi kufanya bure. Yesu mwenyewe alisema mfanyakazi anastahili ujira wake (Lk 10:7). Dereva wa m-mama analipwa, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya aamke usiku wa tatu na wa nne, siyo ule wa kwanza tu. Chagua kazi itakayokulisha. Ila jihadhari na zile "kazi za mtandaoni" zinazoanza kwa kukuomba wewe utoe kiingilio halafu ulete wenzako watano. Kazi ya kweli inakulipa kwa ulichofanya. Ikikulipa kwa watu uliowaingiza, hao watu ndio bidhaa.

Kuhusu moyo, nampenda Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alivunjwa mguu vitani Pamplona, akalazwa miezi, hana cha kufanya ila kusoma na kuwaza. Akagundua jambo: alipowaza sifa za kijeshi na mabibi wa ikulu alifurahi sana wakati wa kuwaza, kisha akabaki mkavu. Alipowaza maisha ya watakatifu alifurahi, na furaha ikabaki hata mawazo yalipoisha. Jaribu na wewe. Jioni angalia siku yako: kitu gani kilikufurahisha kikaisha na bando, na kitu gani kilikuachia furaha hadi wakati wa kulala? Andika. Fanya hivyo mwezi mzima kabla hujajaza fomu yoyote. Halafu mpelekee mtu mzima unayemwamini, mzazi, katekista, paroko, mwalimu, asome alama ambazo wewe huzioni.

Na kama huna Fizikia? Kituo cha uratibu kinahitaji mtu anayejua kusikiliza kwa utulivu mtu anayelia. Zahanati inahitaji mtunza kumbukumbu anayeingiza takwimu sahihi kwenye kompyuta, maana dawa zinaagizwa kwa takwimu hizo. Wachimbaji wanahitaji mtu wa kuwafundisha kwa Kisukuma kile ambacho mhandisi amekichora kwa Kiingereza. Oholiabu naye alihitajika.

Zoezi la wiki hii. Soma Sira 38 yote, mara mbili. Kisha nenda kwa fundi yeyote wa hapo mtaani kwenu, wa pampu, wa pikipiki, wa sola, wa simu, usiende mikono mitupu, mnunulie hata soda, umuulize swali moja: "Kazi yako hii ikisimama wiki nzima, ni nani ataumia kwanza?" Msikilize bila kumkatiza. Ukirudi nyumbani jiulize swali hilohilo kuhusu kazi unayoiota wewe, na ukikosa jina hata moja la mtu wa kweli, mwambie Mungu jioni hiyo kwenye sala, kwa Kiswahili cha kawaida tu, kwamba hujampata bado.

Jibu la fundi wenu lileteni kwenye kipindi cha vijana parokiani, mlijadili pamoja. Sisi hapa Segese tutakutana Jumamosi saa kumi.